Mwaka Bomba Lilipokohoa

Mwezi uliopita Fardosa alirudi mjini Salama kwa harusi ya dadake mdogo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sisi watatu tukaketi meza moja: Fardosa, Kioko na mimi. Tulikuwa tumeshiba pilau ya mbuzi, tunayavuta mazungumzo yasiishe, ndipo msichana mmoja wa sekondari, binamu ya bibi harusi, alipotusogelea na simu mkononi. Alitaka kujua kama ni kweli sisi ndio tuliotengeneza Jenga Boma. Kioko akakubali haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. "Basi mniambie," msichana akasema, "mbona maji yenu ni magumu hivi? Gemu zingine unaunganisha tu bomba, maji yanatoka." Kioko akaninyooshea mfupa wa mbuzi. "Muulize huyu. Mimi nilitaka maji rahisi. Huyu ndiye alileta shida." Msichana akanikagua kuanzia viatu hadi kichwani. "Ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. "Usiyabadilishe," akasema, akaenda zake bila kuaga. Nilijisikia vizuri kuliko siku niliyopewa digrii.

Digrii yenyewe ilikuwa ya hisabati, na nilitoka nayo chuoni pamoja na tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyeyaomba. Nilimwuliza mhubiri kwa nini mvua ikinyesha ni baraka na ikikosa ni mtihani. Nilimwuliza msusi wangu kwa nini nywele zikivutwa zaidi ndipo inasemekana zitadumu. Watu walinivumilia. Kioko, niliyesoma naye, alinipigia simu akaniambia kuna kazi ya maswali Salama, lakini malipo yake kwa sasa ni chakula na mahali pa kulala. Yeye alikuwa ameandika gemu ya kujenga. Mchezaji anapewa ardhi tupu inayofanana na vilima vyetu vya Makueni, kisha anafanya atakalo: anachimba matuta, anajenga nyumba, anafuga ng'ombe, anazuia mto kwa bwawa la mchanga, anavuta bomba. Hakuna kushinda wala kushindwa. Fardosa ndiye aliyechora kila kitu, kuanzia mabati yenye kutu hadi mbuzi wanaopanda juu ya ukuta, na mamake ndiye aliyetupa vyumba viwili juu ya duka lake bila kutudai chochote ila ukimya wakati wa swala.

Chumba cha kazi kilikuwa na dirisha lililotazama barabara ya Mombasa. Malori yalipofunga breki kwenye makutano, vikombe vyetu vilitetemeka mezani. Harufu ya duka ilipanda ngazi na kukaa nasi kutwa: sabuni za mche, majani ya chai, mafuta ya taa, na ifikapo saa sita, vitunguu vya Mama Fardosa. Alitoka Garissa akiwa bibi harusi, akajifunza Kikamba kwa wateja, na alikuwa akipika wali na ndizi mbivu kando ya sahani, jambo ambalo Kioko alilipinga kwa mwezi mzima kisha akaanza kulidai. Siku ambazo Mama alikuwa na shughuli tulivuka ua kwenda hotelini kwa Syombua, jirani yetu wa nyuma, tukala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, yakiwa yamekaangwa kwa kitunguu kingi. Nikikumbuka mwaka ule, mdomo hukumbuka kabla ya kichwa.

Siku yangu ya kwanza nilimtazama Kioko akicheza. Alijenga nyumba juu kabisa ya kilima, akavuta bomba kutoka mtoni hadi mlangoni, akafungua mfereji, maji yakamwagika.

"Yamepandaje?" nikauliza.

"Nini?"

"Maji. Mto uko chini, nyumba iko juu, na hakuna pampu. Yamepandaje?"

"Nduku, ni gemu."

"Ng'ombe wako akiruka huwezi kuniambia ni gemu."

"Ng'ombe haruki."

"Basi ng'ombe ana akili kuliko maji yako."

Fardosa, aliyekuwa pembeni akichora mlango, alicheka mpaka mlango ukapinda. Kioko hakucheka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ubishi wake haukuwa wa uvivu. Aliogopa kupoteza wachezaji. Wengi wao walikuwa vijana wa huku kwetu, wanaocheza kwenye simu zilizopasuka vioo, na aliamini mtu anayebeba maji kwa mgongo asubuhi hawezi kutaka kuhangaikia maji tena kwenye mchezo jioni. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mimi nilikuwa tu na hisia kwamba mtu akijenga bomba bila kufikiria mteremko hajajenga bomba, amechora mstari. Tukaafikiana hivi: nijaribu maji yangu pembeni, na yakiwa tayari tuyapeleke Tawa, ambako mwalimu mmoja alikuwa ametuahidi ukumbi na kompyuta za shule wakati wa likizo. Vijana watacheza pamoja katika kijiji kimoja, kuanzia asubuhi. "Wakiinuka na kuondoka kabla ya chakula cha mchana," Kioko alisema, "bomba langu la zamani linarudi, na hatutalizungumzia tena." Nilimpa mkono. Sikumwambia kwamba bomba hilo likirudi, mimi sitakuwepo.

Kuyafundisha maji kuwa maji si kazi ngumu kueleza. Unalikata bomba vipande vipande, na kila kipande unakipa kimo chake na msukumo wake. Kisha, mara nyingi kwa kila sekunde, unamwuliza kila jirani: kati yenu nani anasukuma zaidi? Maji yanahama kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge. Bomba jembamba linayachelewesha, bomba refu linayachosha. Ukiwa na subira, kutokana na maswali hayo madogo unapata mto. Mimi sikuwa na subira. Toleo langu la kwanza lilikuwa na matangi mawili yaliyounganishwa, na badala ya maji kutulia usawa mmoja, yalikwenda huku na kurudi kule, kila safari yakirudi mengi kuliko yalivyokwenda. Nilishuka kunywa chai. Niliporudi, bonde lote la Fardosa lilikuwa limefurika na ng'ombe wanaelea miguu juu, wakiendelea kutafuna, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

"Wewe umeleta gharika," Fardosa akasema.

"Ni hesabu ndogo tu imenipita."

"Nuhu pia aliambiwa ni mvua ndogo tu."

Nilirekebisha. Ilinichukua majira yote ya kiangazi, na Kioko, ambaye alikuwa mpinzani wangu rasmi, ndiye aliyekuja kila asubuhi na chai ya maziwa, akasimama nyuma ya kiti changu na kuniuliza kwa nini kompyuta inakoroma. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuacha kuyahesabu mabomba yaliyotulia na kushughulika na yale yanayotiririka tu, kompyuta ikapoa. Hatimaye maji yalitulia yanapotakiwa kutulia. Yalikataa kupanda kilima. Niliyapima kwa kila kanuni niliyofundishwa, na kila kanuni ilikubali. Nikafungua mfereji, maji yakatoka mara moja, safi, kwa kiasi kile kile nilichokitabiri, na nikakaa nikiyatazama kwa huzuni ambayo sikuweza kuieleza. Yalikuwa sahihi na yalikuwa maiti.

Jibu lilikuja nikiwa naosha sufuria uani kwa maji ya akiba. Palikuwa na mfereji mmoja uliohudumia duka, hoteli ya Syombua na vyumba vya nyuma, na maji yalikuja yalipotaka. Watu hawakukaa wakiyangoja. Waliiacha mitungi yao kwenye foleni, kila mtungi umeshika nafasi ya mwenyewe, wakaenda kufanya mambo mengine huku sikio moja likibaki uani. Wiki ile mitungi ilikuwa imekaa mpaka ikapata vumbi. Basi niko hapo na sufuria, mfereji ukafanya *fff*. Kisha ukanyamaza. Kisha ukakohoa, kikohozi kirefu cha mzee aliyeamshwa, ukatema matone ya kahawia, ukapuliza, ukakohoa tena. Kabla tone safi halijaonekana, Syombua alikuwa ameshafika mbio na mwiko mkononi, na nyuma yake watu sijui walitokea wapi. Nilisogea pembeni, na pale ukutani, povu likiwa bado mkononi, nikaelewa. Vitabu vyangu vyote viliandikwa na watu ambao mabomba yao hayajawahi kukauka. Kanuni zao zote zinaanza na bomba lililojaa. Bomba letu sisi ni tupu siku nyingi za maisha yake. Limejaa hewa, na maji yakija lazima kwanza yaifukuze.

Nilipanda ngazi nikipiga kelele. Nilifuta karibu nusu ya nilichoandika, na kila kipande cha bomba nikakipa vitu viwili badala ya kimoja: maji yake na hewa yake. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Hewa inakimbilia juu na kujificha penye mgongo wa bomba, na ikijificha hapo inaweza kuzuia maji kabisa, kama mtu aliyelala mlangoni. Mahali pa kutokea ni mfereji tu, au mahali popote bomba linapofunguliwa. "Sasa mteja wangu nitamwuzia upepo," Kioko alisema, lakini alikuwa amevuta kiti chake karibu. Fardosa naye alirekodi mfereji wa uani kwa simu, kila mguno wake, na tukaziunganisha sauti zile na msukumo wa hewa, ili bomba lenyewe liamue lini lipige chafya na lini likohoe.

Tulilijaribu alasiri moja yenye joto. Kioko alikuwa ameleta spika kubwa ya vijana wa kanisa lake, akaiweka kwenye dirisha la nyuma, juu ya ua, kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi. Fardosa akafungua tangi la kilimani. Tukangoja. Kwenye skrini hakuna kilichotokea, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Kisha spika ikafanya *fff*. Ikanyamaza. Ikakohoa. Kioko alinishika bega, na nilipomtazama alikuwa anacheka kama mtoto aliyetekenywa. Ikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Ndipo tukasikia uani vishindo vya kandambili, na mitungi ikigongana.

Tulikwenda kwenye dirisha hilo la nyuma. Mama Fardosa alikuwa ameacha mteja katikati ya kupimiwa sukari. Syombua alikuwa ameacha sufuria motoni. Mwanamume mmoja alitoka bafuni na taulo kiunoni na povu kichwani.

"Mtungi wa kijani ni wangu, ulikuwa wa pili!"

"Wa pili tangu lini? Huo uliletwa jana!"

"Wewe baba, vaa nguo kwanza halafu ujipange!"

"Na hii sabuni niitoe na nini?"

Mfereji ulikuwa wazi, umeelekea chini, mkavu kama mfupa. Wakauinamia. Juu yao spika yetu ikapiga chafya. Polepole, mmoja baada ya mwingine, nyuso zikainuka hadi dirishani.

"Fardosa," mamake akaita kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele. "Shuka."

Tulishuka sote watatu. Fardosa alieleza kwa Kisomali, mimi kwa Kikamba, Kioko kwa mikono. Walipoelewa, Syombua akaanza kutikisika mabega, akaketi juu ya mtungi wake, akacheka huku akijifuta macho kwa leso. "Wamefundisha kompyuta kukohoa! Mwaitu, mama yangu, watu wamesoma mpaka wakafika hapo!" Mama Fardosa hakutaka kucheka, alikaza mdomo, lakini yule baba wa taulo aliposema afadhali basi kompyuta hiyo imtolee hata kikombe kimoja, alishindwa. Mama alitugawia wote soda kutoka dukani. Akampa yule baba mtungi mmoja wa maji yake ya akiba. Kisha akapanda ngazi ili aonyeshwe hayo maji ya kumdanganya mtu mzima, akaketi kwenye kiti changu, na sikukipata kiti hicho mpaka wakati wa swala. Alijenga maduka saba na hakujenga nyumba hata moja.

Baada ya siku hiyo sikuwa na wasiwasi, na hilo lilipaswa kunitia wasiwasi. Tulikwenda Tawa asubuhi ya baridi, ukungu umelala vilimani. Ukumbi ulikuwa na madawati yaliyosogezwa ukutani, kompyuta zimepangwa meza ndefu, na nyuma, kwenye jiko la shule, wapishi walikuwa wameshabandika ndengu. Vijana waliingia wakisukumana. Fardosa aliwaeleza: kijiji ni kimoja, tangi liko juu ya kilima, bomba kuu linashuka na kupanda hadi mwisho wa bonde, kila mtu ajenge atakapo. Kioko alisimama nyuma na kompyuta yake. Niliona kwamba ameacha ukurasa mmoja wazi, ule wenye neno moja tu la kubadilisha, na bomba la zamani lirudi mara moja kwa wote.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilikwenda vibaya kabisa. Waliojenga karibu na tangi walitoboa bomba kuu wakavuta mabomba manene, wakamwagilia mashamba, mmoja akachimba bwawa la samaki. Waliojenga katikati walipata kidogo. Mwishoni mwa bonde alikuwa msichana aitwaye Mwongeli, mrefu, mpole, aliyejenga nyumba nzuri kuliko zote, na mfereji wake ulikohoa, ukakohoa, haukutoa hata tone. Wavulana wawili jirani zake walisukuma viti. "Hii gemu ni kama nyumbani tu," mmoja akasema. "Twende tucheze mpira." Wakatoka. Wa tatu akasimama. Nilimtazama Kioko, naye alinitazama. Hakuwa na furaha ya ushindi usoni, ila mkono wake ulikuwa umefika kwenye kibodi. Na mimi, niliyekuwa na jibu la kila mtu mwaka mzima, nilijiuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza: kama walitaka kupumzika na shida, nani alinipa ruhusa ya kuwaletea shida hata huku?

Ndipo Mwongeli aliposimama.

"Nani anafuga samaki?"

Mvulana mmoja mbele aliinama nyuma ya skrini.

"Ni wewe, Muthama? Unafuga samaki na mimi nanywa upepo?"

"Si ni bomba la wote?"

"La wote ndiyo! Mimi si wote?"

Kicheko kililipuka, na baada ya kicheko, kelele. Kila mtu alikuwa amesimama. Funga wewe. Nifunge nini na yule ana ng'ombe kumi. Badilisha bomba lako, ni nene kama shingo ya lori. Wale wavulana wawili walirudi mlangoni kuona nani anapigana, wakabaki. Kioko aliondoa mkono kwenye kibodi. Mtu fulani alipendekeza wafunge mifereji yote ya juu kwa zamu, na wakabishana kuhusu zamu, na Muthama akafunga bwawa lake kwa manung'uniko yaliyosikika hadi jikoni. Bado kwa Mwongeli hakukutoka kitu. Wakawatuma wahusika wao wote wapande kufuata bomba, kundi zima likitembea kwenye skrini kama watu wanaokwenda mwethya, ile kazi ya kijiji ya kusaidiana, wakikagua kila kiungo. Sikuwa nimewafundisha hilo. Fardosa hata hakuwa amechora majembe ya kutosha kila mtu. Penye mgongo mrefu wa kilima wakasimama. "Fungua hapa tuone," mmoja akasema, na Muthama akafungua kiungo.

Hewa ilitoka kwa mluzi mrefu uliojaza ukumbi. Wakafunga. Kisha wote wakanyamaza, bila kuambiwa, kwa sababu kila mmoja pale alijua kinachofuata. Bomba lilikohoa kwenye nyumba ya kwanza chini ya kilima. Likakohoa kwa inayofuata. Tulilisikia likishuka bonde, kompyuta moja baada ya nyingine, meza nzima, likimkaribia Mwongeli, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mfereji wake ukafanya *fff*. Ukatema. Ukamwaga maji.

Sitamwambia mtu kwamba gemu ilibadilisha kitu Makueni. Sijui kama Muthama alimpa mtu yeyote hata kikombe baada ya siku ile, na mtu akiniambia tuliwafundisha vijana umoja nitamwomba ushahidi. Ninachojua ni kwamba vigelegele vilipigwa kwa sauti ya kutikisa mabati, na kwamba nilikuwa nimeandika kila kanuni iliyotembeza maji yale, na bado yalipofika nilishtuka kama wengine.

Mpishi alikuja mlangoni na mwiko akatangaza chakula. Hakuna aliyegeuka. Akatangaza tena, akasema ndengu zinapoa na yeye hana kazi ya kupasha mara mbili. Akanitazama mimi kana kwamba ni kosa langu, na kwa kweli lilikuwa langu. Kioko alifunga ule ukurasa wake, akaenda jikoni, akarudi na sahani moja, akaketi kando ya Mwongeli na kuwasha kompyuta ya mwisho mezani. Hakuwa na haja ya kungoja chochote katika gemu ile. Kwa neno moja angeweza kujipa mto. Lakini alijenga nyumba ndogo ya bati mwisho kabisa wa bomba, chini ya nyumba ya Mwongeli, akauliza zamu yake ni lini, akaambiwa asubiri, akaufungua mfereji wake mkavu na kuanza kula, sikio limeelekea kilimani.